Kanisa letu linataka kuajiri mwanasheria wa kudumu, wazee wamegoma. Kwenu mnafanyaje?

Mjumbe_Ipuli:

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Nipo Tabora mjini, mimi ni mzee wa kanisa na pia mjumbe wa kamati ya mali, dhehebu naliacha maana wa hapa mtanijua kwa mwandiko tu haha.

Ishu ni hii. Kikao cha mwezi uliopita katibu mkuu alileta pendekezo tuajiri ofisa sheria, akae pale makao makuu na meza yake, mshahara milioni moja na laki mbili. Wazee wakawaka. Mmoja akasimama akasema tangu tupokee Injili hatujawahi kumlipa mtu mshahara ili atutafutie kesi, mwingine akapiga hesabu palepale kwenye kitabu cha tenzi kwamba kwa mwaka ni milioni kumi na nne na laki nne, hiyo unaezeka mitaa mingapi (mtaa kwetu ni tawi dogo la kanisa)? Kikao kikavunjika chai ikiwa haijanyweka.

Mimi nipo katikati na nawaambia kwa nini. Tuna mtaa wa nje huko Uyui, mwaka 1989 mzee mmoja wa kijiji alitupa eka mbili tukajenga kanisa la tofali za kuchoma, baadaye na nyumba ya mwinjilisti. Mzee kafariki zamani. Sasa wajukuu wamekuja, wanasema babu hakuwahi kutoa eneo. Tukaenda kufungua sanduku la bati lile la ofisini, lile kila katibu anamrithisha mwenzake na kufuli lake bovu, ndani kuna risiti za mabati, picha za wamisionari, hati moja mchwa wamekula kona yote yenye namba, na karatasi ya daftari la mraba imekunjwa mara nne. Imeandikwa kwa kalamu ya risasi: nimewakaribisha kanisa kwenye eneo langu kuanzia mwembe mkubwa hadi njia ya ng'ombe wapate kusali. Chini dole gumba, wino umesambaa kama doa la mchuzi. Basi. Hakuna mhuri wa kijiji, hakuna vipimo, na huo mwembe wenyewe ulishakatwa.

Walitushtaki Baraza la Ardhi na Nyumba. Mara ya kwanza waliandika jina la kanisa na la mtaa, wakili tuliyemkodi akaweka pingamizi kwamba aliyeshtakiwa hayupo kisheria, kesi ikaondolewa. Siku ile tuliimba mpaka getini jamani, mama mmoja alipiga vigelegele karani akatoka kuchungulia. Miezi minne mbele wakarudi na jina sahihi. Wakili naye anataka hela upya, na nyaraka alituomba zikiwa zimebaki siku mbili.

Sasa naomba kuuliza, taasisi zenu za dini zina mwanasheria wa ndani? Anafanya nini siku ambazo hakuna kesi? Au ndo kujaza ofisi tu.

chizi_karanga:

Mkuu Paulo alishawaambia Wakorintho, waraka wa kwanza sura ya 6, mnashtakiana nyie kwa nyie mbele ya wasioamini? Si afadhali mdhulumiwe. Rudisheni eka mbili mkasali chini ya mti mwingine, Tabora miembe imejaa.

Mjumbe_Ipuli:

@chizi_karanga sisi ndo tumeshtakiwa ndugu yangu, hatukumpeleka mtu.

Wakili Msafiri:

Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Niliwahi kukaa ndani ya taasisi ya dini miaka sita kama mwanasheria wao, ina shule, zahanati, hosteli na viwanja mikoa mitatu, kwa hiyo hili nalijua kwa jasho.

Kwanza hiyo shangwe ya getini. Kanisa kama kanisa, au msikiti, haliwezi kushtaki wala kushtakiwa kwa jina la mdomoni. Anayeshtakiwa ni Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, ule wakala wa serikali wa usajili na udhamini, chini ya ile Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Usajili wa jumuiya kule Mambo ya Ndani ni kitu kingine, watu wanavichanganya sana, cha Msajili wa Jumuiya kinakuruhusu kuwepo na kuendesha ibada, mali inakaa kwa Wadhamini. Kwa hiyo mlishinda kwa kosa la jina, na kesi ikiondolewa kwa kosa la jina haijaamuliwa, mwenzako anarekebisha anarudi. Mngekuwa na mtu wa ndani angewaambia msiimbe, mtumie ile miezi minne kutafuta mashahidi.

Pili, na hapa nisameheni, neno "nimewakaribisha" ndo litawasumbua. Najua unajiuliza, si tumekaa miaka thelathini na kitu, na sheria ya ukomo inasema miaka 12 kudai ardhi? Ndiyo, 12. Lakini mahakama zetu zimeshasema miaka mingi kwamba aliyekaribishwa anabaki mkaribishwa, hageuki mwenye mali kwa sababu tu amekaa sana. Wakili wa wajukuu akiipata karatasi hiyo atalisoma neno hilo moja mpaka mlie. Ingeandikwa "nimewapa" ungekuwa unaniuliza mambo mengine leo. Ila msikate tamaa, karatasi siyo ushahidi peke yake: nani alikuwepo siku hiyo, kijiji kilijua nini, mzee mwenyewe alifanya nini mkijenga nyumba ya kudumu ya mwinjilisti, alinyamaza, alisaidia kubeba maji ya tofali? Hao mashahidi wana miaka mingapi sasa? Ndo hapo.

Tatu swali lako la siku zisizo na kesi. Hizo ndo siku za kazi zenyewe. Mwaka wangu wa kwanza sikuingia mahakamani hata mara moja, nilikuwa na daftari kubwa tu naandika kila kiwanja: kiko wapi, nani alitoa, jina gani kwenye hati, kodi ya ardhi imelipwa lini, bikoni za mipaka zipo au zimeng'olewa. Nilikuta hati mbili bado zina jina la mmisionari aliyekwisha kurudi kwao akafia huko. Nilikuta wadhamini watatu kati ya wale waliosajiliwa ni marehemu na RITA hawana habari, marejesho ya mwaka hayajapelekwa. Shamba tulilopewa kijijini halikupita halmashauri ya kijiji hata siku moja, walimalizana na mzee chini ya mti kama nyie. Mikataba ya walimu imedurufiwa kutoka shule nyingine, jina la ile shule nyingine limesahaulika ukurasa wa pili.

Na msidhani ni ushamba wetu. Waadventista makao makuu yao ya dunia pale Silver Spring, Maryland, wana ofisi kamili ya mwanasheria mkuu. Mashahidi wa Yehova walikuwa na idara ya sheria Marekani tangu miaka ya 1930, ndo waliobeba kesi za watoto kulazimishwa kusalimu bendera shuleni mpaka Mahakama ya Juu ikawapa ushindi 1943. Waanglikana kule Uingereza kila dayosisi ina msajili wake na ni mwanasheria, hilo la zamani kabisa. Kinachokua siku hizi ni kwamba dini imekuwa mwajiri mkubwa, mwenye nyumba, mwenye hospitali, na sheria zinazomhusu mwajiri na mwenye nyumba hazimuulizi anasali wapi.

chizi_karanga:

Sasa wakili si waandike karatasi mpya tu yenye "nimewapa", dole gumba nani atalijua.

Wakili Msafiri:

@chizi_karanga hapo umehama kesi ya ardhi umeingia jinai ya kughushi, na mzee wa kanisa utamkuta Uyui jela siyo Uyui kanisani. @Mjumbe_Ipuli hiyo karatasi usiilaminishe, usiinyooshe kwa pasi, usiandike kitu juu yake, itie kwenye bahasha na uitoe kwenye hilo sanduku la mchwa LEO.

Karani Mstaafu:

Mwangaluka ndugu zangu. Mimi ni Mkatoliki, nimekuwa karani wa parokia miaka mingi, sasa nafuga nyuki tu.

Nataka niwatoe wazee wenu hofu kwamba sheria ni mambo ya kidunia yameingizwa juzi. Kwetu Sheria za Kanisa za 1983 zenyewe zinamdai msimamizi wa mali ahakikishe umiliki umelindwa kwa njia zinazotambulika na sheria za nchi, ipo kanuni ya 1284. Na kanuni ya 1288 inakataza kufungua au kujibu kesi mahakama za serikali bila kibali cha maandishi cha mkubwa wako. Hata baraza la fedha la jimbo, kanuni ya 492, linatakiwa liwe na watu wanaojua fedha na sheria za nchi. Kwa hiyo padre hawezi kuamka tu akampeleka jirani barazani kwa sababu mbuzi wamekula mahindi ya misheni, ingawa nimeona wanaotamani hahaha.

Ila msichanganye kitu kimoja ambacho waumini wetu wanakichanganya kila siku. Mahakama ya Kanisa ya jimbo, ile ya ndoa, siyo kitengo cha sheria. Nilikuwa napata watu wanakuja na mgogoro wa kiwanja wanaomba wapelekwe kwa padre hakimu, nawaambia baba yule anaangalia kama ndoa yako ilikuwa ndoa, mpaka wa shamba hauoni.

Na la wazee kuogopa gharama mimi naliheshimu. Sadaka ya kijijini ni sh. 200 na yai. Lile yai nimelipokea kwa mikono yangu na kuliuza gengeni ili liwe hela. Usiwaambie watu wa hivyo milioni kumi na nne bila kuwaonyesha kitu.

Ujiji Asilia:

Assalaam alaykum kwa wanaohusika na habari zenu wote. Huku Kigoma kwetu neno letu ni wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, na ugonjwa ni huohuo. Mzee anaweka nyumba yake Ujiji wakfu kwa ajili ya madrasa, anasema mbele ya watu baada ya swala ya Ijumaa, watu wanaitikia, wanaomba dua, wanatawanyika. Maandishi hakuna. Msimamizi anakusanya kodi ya vyumba viwili vya mbele analipa maustadhi, safi kabisa, miaka inakwenda. Msimamizi anakufa. Watoto wake wanaona baba alikuwa anakusanya kodi, kwa hiyo nyumba ya baba, wanakwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi na nyumba ya Mwenyezi Mungu imo kwenye orodha pamoja na baiskeli na cherehani. Na wakfu haurithiwi wala hauuzwi, mtoto wa chuo anajua, lakini hakimu anataka umuonyeshe kwamba ilikuwa wakfu.

Nyumba tuliyonayo sisi ilitukuta hivyo. Tulikuwa na bahati moja, bwana mmoja aliyekuwa akiandika matangazo ya msikiti alikuwa na madaftari yake yote tangu ujana, akatuonyesha Ijumaa ile kaandika jina la mtoaji, nyumba, na majina ya mashahidi wanne, mmoja alikuwa bado hai Kibirizi. Bila yule bwana na uchoyo wake wa kutotupa madaftari tungekuwa tunasomea nje.

Na muda huu ndo mbaya. Tangu mkataba wa reli ya kisasa kipande cha Tabora hadi Kigoma usainiwe Desemba 2022, kilomita 506, kila mtu anafufua shamba la babu yake. Mthamini akipita anaandika jina la anayeonyesha karatasi, na fidia inatoka kwa jina hilo. Taasisi ya dini ambayo karatasi zake ziko kichwani kwa imamu itabaki inatoa mawaidha kwa waliolipwa.

Sisi hatuna uwezo wa kuajiri. Tuna kijana wetu mwanasheria, analipwa posho kila mwezi na anakuja Jumamosi mbili. Inatosha kwa sasa.

Mama Wawili:

Mnaongea ardhi ardhi, wanaume bwana. Mi nilikuwa ofisi ya utumishi kwenye hospitali ya taasisi ya dini, sisemi wapi, na kilichotumaliza siyo ardhi ni barua ya kumfukuza mtu.

Dereva aligombana na msimamizi, msimamizi akaenda kwa mkubwa wa taasisi, mkubwa kwa hasira akaandika barua mistari mitatu, kuanzia leo huna kazi, Mungu akubariki. Nakumbuka hilo la Mungu akubariki kwa sababu lilisomwa kwa sauti CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, na watu wakacheka. Hakuna tuhuma za maandishi, hakuna kikao cha nidhamu, hakuna nafasi ya kujitetea. Jamaa alikuwa na siku 30 za kwenda CMA, akaenda siku ya 11. Sisi tukaambiana atatusamehe, ni muumini. Tukapuuza wito wa kwanza! Wakati ule sheria ya ajira ya 2004 ilikuwa inataja fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12 ukishindwa, na huyo mtu NSSF yake ilikuwa haijapelekwa miezi, ile asilimia 20 tulikuwa tunakata kwake kumi halafu ya kwetu tunasema Bwana atatupatia. Bwana hakutupatia.

Mwanasheria wa ndani angegharimu nusu ya hapo, angekaa pale mlangoni aseme baba usisaini hii, lala kwanza.

LAKINI. Kuna upande wa pili sijaona mtu anausema na mimi ni mama nitausema. Huyo mwanasheria ni wa taasisi. Siyo wa muumini. Mtoto wa kwaya au wa bweni akifanyiwa ubaya na mtumishi, mkampeleka mzazi kwa "mwanasheria wetu wa kanisa" akamalize kifamilia, mmemnyonga huyo mtoto mara mbili. Huko Marekani kesi za Boston za mapadre kudhalilisha watoto zilipofumuka 2002 kilichowaudhi watu zaidi ni kwamba wakubwa walijua na makaratasi yalikuwepo yamefungiwa, na jimbo kuu Katoliki la Los Angeles likaja kukubali kulipa dola milioni 660 mwaka 2007. Wanasheria walikuwepo muda wote huo. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inataka anayejua mtoto anaumizwa atoe taarifa serikali za mitaa, na dawati la jinsia na watoto polisi lipo. Kwa hiyo mkiandika majukumu ya huyo ofisa sheria wenu andikeni na hilo, kwamba jambo la mtoto linatoka nje siku hiyohiyo. Asipokubali kusaini hilo msimwajiri.

Wakili Msafiri:

@Mama Wawili umemaliza, nami nakiri. Niliwahi kuambiwa "tulinde jina la taasisi" na mtu niliyemheshimu sana, na nililala vibaya usiku ule. Kilichonisaidia ni kwamba mkataba wangu ulisema nawajibika kwa Bodi ya Wadhamini, siyo kwa kiongozi mmoja wa kiroho. Hili mliangalie sana. Kesi inaandikwa jina la Bodi, basi mwanasheria ale mkate wa Bodi. Akiwekwa chini ya askofu au katibu peke yake atakuwa mpiga chapa wa barua za hasira.

Nyongeza ndogo, sheria ya kulinda taarifa binafsi, Namba 11 ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, na taarifa za imani ya mtu zimo kwenye zile nyeti. Yale madaftari ya washirika, nani ametengwa, nani ana deni la ahadi, msibandike ukutani tena wala kutuma kwenye grupu la WhatsApp.

Mjumbe_Ipuli:

Wakuu asanteni sana, sikutegemea. Nimeprinti michango yote (nimemuacha chizi) nikawasomea kamati jana jioni. Ya yai la gengeni ndo iliwashika wazee, mzee yule wa kitabu cha tenzi akasema huyo karani ni mtu, alikuwa parokia gani.

Tumekubaliana kitu cha katikati kama cha Ujiji: kijana mmoja mshirika wetu aliyemaliza shule ya sheria Dar, atakuja siku mbili kwa wiki kwa posho, miezi sita, kazi yake ya kwanza ni sanduku. Kila karatasi iandikwe kwenye daftari. Kuajiri tutaongea baada ya hapo, tukiona daftari limejaa vitu gani. Na barua yake ya kazi inaandikwa na Bodi, hilo la mtoto limeingia, wamama walisimama wote likapita bila kura.

Bahasha nimeshanunua, karatasi ipo kwa mtunza hazina.

Kuhusu mashahidi, wamebaki wawili. Bibi mmoja ambaye ndiye aliyepika siku ya kukabidhiwa eneo, anasema mzee alitoa na mbuzi siku ile na alisema "hapa sasa ni penu", kwa Kinyamwezi lakini. Na bwana mmoja haoni vizuri ila anaukumbuka mpaka wa eneo hatua kwa hatua. Jumamosi tunaenda naye pamoja na mpima na huyo kijana, mwenyekiti wa kijiji tumempa taarifa. Wameniambia kisiki cha mwembe bado kipo, wajukuu wamejenga banda la kuku juu yake.

Wakili Msafiri:

Maneno ya bibi yaandikwe kwa Kinyamwezi kama alivyoyasikia, tafsiri ikae pembeni, msimsahihishe. Na kisiki kipigeni picha kabla hao kuku hawajahamishwa.